Mali na Daftari: Shule na Viwanda katika Shinyanga na Geita

Utangulizi

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii huelekezwa kwa mfanyabiashara asiyeandika mapato na matumizi yake, lakini maana yake ni pana zaidi. Taifa nalo lina mali, na lina daftari. Mali ya taifa ni ardhi, madini, mazao na viwanda. Daftari lake ni elimu ya watu wake, yaani uwezo wao wa kupima, kuhesabu, kuandika, kutengeneza na kuhoji. Mahali ambapo mali ipo lakini daftari limo mikononi mwa wengine, wenye mali hubaki kuwa watazamaji.

Ni sehemu chache za Tanzania zinazolionyesha jambo hili waziwazi kama nchi iliyoko kusini mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita. Hapo ndipo ilipo almasi ya Mwadui; hapo ndipo ulipo ukanda wa dhahabu wa Geita, Bulyanhulu na Buzwagi; na hapo ndipo yalipo mashamba ya pamba yaliyolisha viwanda vya ndani na vya ng'ambo. Mipaka ya utawala imebadilika mara nyingi. Geita, kwa mfano, ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza mpaka ilipofanywa kuwa mkoa mwaka 2012. Hata hivyo, wenyeji wa nchi hiyo, ambao wengi wao ni Wasukuma, Wasumbwa na Wazinza, wamepitia historia iliyofanana.

Insha hii inakusudia kueleza jinsi sera za serikali, tangu enzi za ukoloni hadi leo, zilivyojenga au kudhoofisha shule na viwanda vya sehemu hiyo. Hoja yake kubwa ni kwamba mambo hayo mawili hayatenganiki. Serikali inapoyapanga mbalimbali, shule hutoa vijana wasiohitajiwa na kiwanda, na kiwanda huajiri watu waliofundishwa kwingine.

Kabla ya Ukoloni

Si kweli kwamba viwanda na mafunzo ya ufundi vililetwa na wageni. Katika Buzinza na Geita waliishi Warongo, mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma. Walichimba mawe ya chuma, wakachoma makaa, wakajenga tanuri na kuvukuta moto kwa mivuo mpaka chuma kikapatikana. Majembe yao yaliuzwa hadi Usukuma na Unyamwezi. Jembe halikuwa chombo cha kulimia tu. Lilitumika pia katika biashara na katika kulipa mahari.

Kijana wa Kirongo hakupelekwa mbali kujifunza kazi hiyo. Alianza kwa kubeba makaa na kuvuta mivuo, akaendelea kufundishwa miiko na siri za tanuri, mpaka naye akawa fundi. Kiwanda ndicho kilichokuwa shule, na mwalimu ndiye aliyekuwa fundi. Mpango huo ulikuwa na upungufu wake, kwa kuwa siri za kazi zilihifadhiwa na watu wachache. Lakini ulikuwa na sifa moja tunayopaswa kuikumbuka katika historia yote inayofuata: elimu iliyotolewa ilitokana na kazi iliyokuwapo, na faida ya kazi hiyo ilibaki kwa jamii iliyoifanya.

Majembe ya bei rahisi kutoka Ulaya yalipoingia, na utawala wa kigeni ulipojiimarisha, tanuri za Warongo zilizimika moja baada ya nyingine. Pamoja na tanuri ilipotea shule yake.

Machimbo ya Mkoloni na Shule za Mkoloni

Wajerumani waligundua dhahabu katika Geita mwaka 1898. Hata hivyo, uchimbaji mkubwa ulianza chini ya Waingereza mwaka 1936, na mgodi wa Geita ukawa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, Daktari John Williamson, aliugundua mwamba wa almasi wa Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Sifa za Mwadui zilienea duniani. Mwaka 1947 ilichimbwa humo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo Williamson alimpa Binti Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi yake.

Mwadui ulikuwa mji kamili uliozungushiwa uzio. Ulikuwa na nyumba, hospitali, shule, maduka na uwanja wa ndege. Nje ya uzio huo watu waliendelea kulima kwa jembe la mkono na kuchunga ng'ombe. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi uliuzwa, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika.

Je, shule za wakati huo ziliwatayarishaje wenyeji kwa kazi za migodi hiyo? Jibu linapatikana katika sera ya elimu ya mkoloni. Watoto waligawanywa kwa rangi: Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, na Waafrika zao. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kuanza shule mara nyingi aliishia darasa la nne. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa kwanza kuwafundisha wana wa watemi ili wawe watumishi wa utawala. Kutokana na sera hiyo alipatikana kiongozi mwenye elimu kama Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha katika Shinyanga, ambaye mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Lakini sera hiyo haikukusudia kutoa wahandisi wa migodi. Mwafrika aliingia mgodini awe kibarua, mlinzi au, akibahatika sana, karani.

Matokeo yake yalionekana baada ya muda. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Kwa miaka 30 dhahabu ilikuwa imetoka, na mgodi ulipofungwa haukuacha nyuma yake chuo cha ufundi wala kizazi cha wahandisi wenyeji ambao wangeweza kuifufua kazi ile. Mali ilikuwa imekwisha kuondoka, na daftari lake liliondoka nayo.

Mizani ya Pamba

Habari za pamba zinatuonyesha upande mwingine wa jambo hilihili, kwani hapo wananchi walilishika daftari wenyewe. Serikali ya kikoloni iliwahimiza Wasukuma kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya nguo vya ng'ambo. Mkulima alipeleka pamba yake kwa wanunuzi wenye leseni, ambao ndio waliokuwa na mizani, bei na vitabu vya hesabu. Malalamiko ya kupunjwa katika mizani yalikuwa mengi. Lakini mkulima asiyejua kuisoma mizani angethibitishaje kwamba amepunjwa?

Hapo ndipo elimu ndogo iliyotolewa na shule za misheni na za serikali ilipozaa tunda ambalo mkoloni hakulipanda. Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, alifanya kazi ya ukarani katika mgodi wa Mwadui baada ya masomo yake. Mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Mwanza, kisha akashughulika na kuwaunganisha wakulima wa pamba. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe katika vituo vya kununulia pamba. Kijana aliyejua tarakimu alisimama kando ya mizani ya mnunuzi, akahakikisha uzito kwa niaba ya mkulima. Kwa mtazamo wa siku hizi kazi hiyo yaweza kuonekana ndogo. Kwa mkulima wa wakati ule ilikuwa ni tofauti kati ya kulipwa jasho lake na kudhulumiwa.

Kutokana na juhudi hizo, mwaka 1955 lilianzishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria. Baada ya miaka michache shirikisho hilo lilishika biashara ya pamba ya Kanda ya Ziwa na kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Lilikuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika.

Ni vema tukumbuke pia kwamba watu waliojifunza kuihoji mizani walijifunza kuihoji serikali. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka kuwalazimisha wananchi wa Geita kukubali baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, walipinga kwa maelfu, wakafika hadi Mwanza kuwasilisha madai yao. Mpango huo ulishindwa. Walimu wanaofundisha historia ya kupigania Uhuru hawana budi kuwaeleza wanafunzi kwamba mizizi ya ujasiri ule ilikuwa pia katika vituo vya kununulia pamba.

Uhuru na Elimu ya Kujitegemea

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilirithi hazina ndogo sana ya wasomi. Watoto 490,000 tu walikuwa katika shule za msingi, na katika nchi nzima wanafunzi wa kidato cha sita walikuwa 176. Hatua ya kwanza ya serikali, mwaka 1962, ilikuwa kuondoa ubaguzi wa rangi katika shule. Kisha lilitolewa Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Nyaraka hizo mbili zilikuwa na shabaha moja. Ya kwanza iliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma; ya pili iliitaka shule imtayarishe kijana kwa maisha ya nchi ile ambayo umma ungeijenga.

Katika Usukuma sera hizo zilishikamana vizuri kwa muda. Shule zililima mashamba yake ya pamba na mahindi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha nguo cha Mwatex kilijengwa mjini Mwanza, ili pamba ya kanda ile isokotwe na kufumwa papo hapo badala ya kusafirishwa yote ikiwa ghafi. Tangu mwaka 1968, mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwa mojawapo, iliteuliwa kuwa mahali pa majaribio ya Kisomo Chenye Manufaa, kwa msaada wa UNESCO. Mtu mzima alijifunza kusoma kwa kutumia kitabu kilichohusu kazi yake mwenyewe: mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi habari za uvuvi, mfugaji habari za ng'ombe. Mkulima yuleyule ambaye miaka 20 kabla yake alihitaji kusomewa mizani, sasa aliweza kuisoma mwenyewe. Mafanikio ya majaribio hayo yalisaidia kampeni ya taifa zima, na kufikia mwaka 1986 hesabu rasmi zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na utekelezaji wake ukaanza nchi nzima mwaka 1977. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilizidi milioni tatu kufikia mwaka 1980. Kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Shule za sekondari ziliwekewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu.

Hata hivyo, insha ya historia haina budi kusema yote. Shamba la shule mara nyingi liligeuka kuwa kazi ya mikono isiyo na somo ndani yake. Mwanafunzi alipalilia pamba bila kufundishwa udongo, wadudu wala hesabu za mavuno. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilirahisisha ujenzi wa shule na zahanati, lakini katika sehemu nyingi ilifanywa kwa haraka na kwa nguvu, ikawatenga watu na mashamba na malisho yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Kwa watu wa Usukuma hatua hiyo ilikuwa nzito. Chombo walichokijenga wenyewe kwa wapimaji na makarani wao kiliondolewa kwa amri kutoka juu, na kilipoanza kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, uzoefu mwingi ulikuwa umekwisha kupotea.

Miaka ya Shida na Soko Huria

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni vilivilemaza viwanda. Mashine zilikosa vipuri, na shule zilikosa vitabu na madawati. Katikati ya miaka ya 1980 wazazi wakaanza tena kuchangia gharama za elimu. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mwaka huohuo De Beers ikarudi Mwadui kwa kununua asilimia 75 ya mgodi ambao katika miaka ya 1970 ulikuwa umefanywa mali ya taifa.

Wakati huohuo dhahabu ilivuta watu upya. Sheria ya Madini ya mwaka 1979 iliwapa wananchi nafasi ya kuchimba kwa vibali vidogo, na mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu kutoka kwao. Nyarugusu, Rwamagasa na machimbo mengine ya Geita yakajaa watu. Hapo paliibuka uchumi kamili wa wachimbaji wadogo, wenye maduara, karasha na mialo ya kuoshea, lakini usio na shule ya kazi hiyo. Vijana walijifunza kwa kuangalia, kama kijana wa Kirongo, ila hawakuwa na fundi mkuu wa kuwaonya. Zebaki ilishikwa kwa mikono mitupu. Maduara yalibomoka. Watoto waliacha madarasa wakaenda kuokota na kuponda mawe, kwa sababu fedha ya machimbo ilionekana leo, na faida ya shule ilikuwa ya kesho.

Kisha ikaja sera ya makampuni makubwa. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa ili kuipisha kampuni ya kigeni. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliruhusu wageni kumiliki mgodi wote, na mrahaba wa dhahabu ukawa asilimia 3 tu. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Mashine zilikuwa za kisasa kabisa, na zilihitaji mafundi wa kisasa. Mafundi hao wangetoka wapi, hali shule za sekondari za Geita na Kahama zilikuwa chache na nyingi hazikuwa na maabara? Mpango maalumu wa kuwafunza mafundi wa migodi ulianzishwa mwaka 2009, nao ukawekwa katika chuo cha VETA cha Moshi, mamia ya kilomita kutoka migodini. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na vijana wengi waliufaidi. Lakini mahali ulipowekwa panaonyesha wazi kwamba waliopanga migodi hawakuwa wamepanga pamoja na shule za mahali penye migodi.

Jitihada za Karne Mpya

Tangu mwaka 2002 serikali ilichukua hatua za kurekebisha hali hiyo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi uliondoa ada, na wanafunzi wakaongezeka kutoka chini ya milioni tano mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni saba mwaka 2005. Zikafuata shule za sekondari za kata, na mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Kwa wilaya za machimbo hatua hizi zilikuwa na maana ya pekee: zilimwondolea mzazi maskini sababu moja kubwa ya kumwacha mwanawe aende mgodini.

Katika madini, mrahaba wa dhahabu uliongezwa hadi asilimia 4 mwaka 2010 na asilimia 6 mwaka 2017. Mwaka 2017 pia serikali ilizuia kusafirishwa kwa makinikia, yaani mchanga wenye madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, na sheria mpya zikaipa serikali haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Zuio hilo lilifundisha taifa zima somo moja la daftari: nchi isiyo na maabara na wataalamu wa kutosha hailijui vema lililomo katika kontena inalolisindikiza bandarini. Sheria hizo ziliwataka pia wenye migodi kuandaa mipango ya huduma za jamii pamoja na halmashauri, na katika Geita sehemu ya fedha hizo imejenga madarasa. Soko la dhahabu lilifunguliwa Geita mwaka 2019, na kiwanda cha kusafisha dhahabu kikazinduliwa Mwanza mwaka 2021. Kwa wachimbaji wadogo vimejengwa vituo vya mfano, kama kile cha Lwamgasa, ambapo mchimbaji huonyeshwa njia bora ya kuchenjua dhahabu.

Mwaka 2024 ulianza mtaala mpya wenye mkondo wa amali katika shule za sekondari. Mwalimu mwenye kumbukumbu ataona kwamba wazo hilo ni ndugu wa michepuo ya miaka ya 1970 na wa Elimu ya Kujitegemea. Kwa hiyo hatari zake ni zilezile. Mkondo wa amali usio na karakana utakuwa kama shamba la shule lisilo na somo. Na amali inayofundishwa Geita ikiwa haihusu miamba, mitambo, umeme na usalama wa mgodini, kijana ataendelea kuutazama mgodi kwa nje ya uzio, kama babu yake alivyoitazama Mwadui.

Hitimisho

Madini si mazao. Hayarudi msimu ujao. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na ule wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021. Mingine nayo itafika mwisho wake. Siku hiyo taifa litaulizwa limebaki na nini. Jengo la darasa ni jambo jema, lakini halitoshi. Kinachodumu ni fundi, mpimaji, mhandisi, mwalimu na mwanaushirika ambao mali ile iliwasomesha ilipokuwapo.

Historia ya Shinyanga na Geita inatufundisha kwamba nyakati za mafanikio makubwa zilikuwa zile ambapo wananchi walipata elimu iliyolingana na kazi yao, wakaitumia kwa chombo walichokimiliki wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Warongo, kwa wapimaji wa pamba, na kwa wanafunzi wa Kisomo Chenye Manufaa. Nyakati za hasara zilikuwa zile ambapo amri ilitoka mbali, shule ikaenda njia yake na kiwanda njia yake.

Walimu wa sehemu hiyo wana somo lililo tayari karibu na madarasa yao. Wawapeleke wanafunzi kwenye vinu vya pamba, kwenye soko la dhahabu na kwa wazee waliofanya kazi Mwadui. Wawafundishe kuuliza kilichopimwa ni kiasi gani, kimeandikwa wapi, na nani amekiandika. Mwanafunzi anayeweza kuuliza maswali hayo matatu amekwisha kulifungua daftari la nchi yake.